Ugonjwa Inapita, Habari Yake Hapana

Hii habari inanionyesha mujinga, na sitajitetea sana. Ukifika Bwera ukauliza kwa stage yoyote ya boda, batakusimulia mbele hujashuka, na kila mutu ameiongezea chumvi yake. Sasa acha niisimulie mwenyewe, chumvi iwe ya kwangu.

Mi ni mutu wa boda. Stage yetu iko karibu na daraja ya Mpondwe, ile ya kwenda Congo. Shule niliacha darasa ya sita. Batu bakiuliza juu ya nini, ninasema mimi na mwalimu tulichokana, ila yeye alikuwa analipwa. Bibi yangu ni wa ng'ambo, wa kilima moja inaonekana ukisimama kwa soko yetu. Lugha ni moja, muhogo ni ileile, mazishi tunalia pamoja. Ni mto tu inatukata katikati, na hiyo mto, wakati ya jua kali, mbuzi inaivuka bila kulowa tumbo.

Miaka ile homa mbaya, ile ya Ebola, ilikuwa inaua batu kule Congo. Mupaka yetu haikufungwa, ila ilijaa mahema. Kila mutu anavuka ananawa mikono kwa jerikani ya maji ya jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kisha anaelekezewa paji ya uso ile bunduki ndogo ya kupima joto. Mimi nilipimwa mpaka nikajua joto yangu kuliko siku yangu ya kuzaliwa.

Lakini kitu ilivuka daraja kuliko homa yenyewe ni maneno. Mutu akilazwa na malaria yake ya kawaida, jina inaingia kwa simu, inavuka, inarudi imenona, na mbele ya jioni dada yake anafukuzwa sokoni, yeye pamoja na nyanya zake za kuuza. Bakubwa ba serikali bakachoka. Bakatuita semina Kasese, sisi batu ba boda ba mupaka. Bakatupa soda, chapati, na tisheti ya njano imeandikwa mugongoni TUNZA SIRI YA MGONJWA. Bakatufundisha kwamba habari ya mugonjwa ni mali yake mwenyewe, na kwamba kuanzia siku hiyo karatasi ya hospitali haivuki mupaka ovyo. Inapita njia moja, serikali kwa serikali. Nilipiga makofi kuliko batu bote. Tisheti ilikuwa inanikaa vizuri, nikawa naivaa hata kanisani.

Sasa kuna sheria ingine, hii ya nyumbani. Kwetu mwanaume na mama mukwe yake habasalimiani kwa mukono, habakai mukeka moja, habaangaliani uso. Nguo yake hugusi. Na mambo ya mwili yake, hiyo hata usitaje. Mama mukwe akikohoa, weye hukusikia. Miaka yote nilikuwa ninamujua kwa sauti na kwa ndala. Akija kututembelea anaingia mulango ya mbele, mi natoka ya nyuma, tunasalimiana ukuta ikiwa katikati kama batu ba jela. Ni mama wa maneno makali ya kuchekesha, ila mi nilikuwa nacheka upande ingine ya ukuta, tena polepole.

Siku moja akakanyaga musumari shambani kwake. Akafunga muguu na majani, akaendelea kupalilia. Muguu ikavimba mpaka ikafanana na ya mutu mwingine. Kwa kliniki yao dawa ilikuwa imeisha, basi siku ya soko akavuka daraja akichechemea, akafika kwetu, akaanguka kwa mulango ya mbele wakati mi natoka ya nyuma.

"Baba ya batoto," bibi yangu akaita, "rudi. Mama hawezi kutembea."

"Nirudi mulango gani?"

"Leta pikipiki, wacha mulango."

Namna gani mutu anabeba mama mukwe kwa boda bila kumugusa? Tulifanya hivi. Mimi mbele, bibi yangu katikati na mutoto mugongoni, mama mukwe nyuma, na mwavuli imefunguliwa ya kunizuia nisimuone kwa kioo. Tukaenda hivyo kupanda hospitali. Mutu wa trafiki akatusimamisha.

"Batu batatu kwa pikipiki moja. Unajua ni kosa?"

"Afande, mutu wa katikati si abiria. Ni mupaka."

Akaangalia mwavuli, akaangalia muguu ya mama, akatuachilia. Na yeye ni mukwe ya mutu.

Dokta alikuwa kijana wa mbali, Swahili yake ilikuwa ya amri tupu: lala, geuka, fungua mudomo. Ile ya maana alitafsiriwa na musawo mumoja, nesi wa hapahapa Bwera alisomea Congo. Bakamulaza mama mukwe nyuma ya pazia. Mi nikasimama kwa dirisha ya nje, nikiangalia ukuta kama mutu anangoja kuupaka rangi.

Dokta akasema uchafu imeingia ndani, lazima sindano ya nguvu. Hapo bibi yangu akakumbuka kitu. Kule kliniki ya ng'ambo, zamani kidogo, mama alichomwa sindano, uso ikavimba kama andazi, pumzi ikakatika, bakamurudisha kwa maombi na kwa maji.

"Sindano gani?" dokta akauliza.

"Ile ya maji meupe."

Dokta akafungua kabati, akatuonyesha. Kabati yote ilikuwa maji meupe.

Akasema hachomi mpaka ajue jina ya ile iliyotaka kumuua. Na akasema muguu haingoji. Kama kesho itafika bila sindano, hataongea tena maneno ya kuchoma, ataongea maneno ya kukata. Bibi yangu akakaa chini kwa sementi. Mama mukwe hakusema kitu, na mama mukwe kukosa neno, hiyo ndiyo iliniogopesha kuliko dokta.

Tukapiga simu kliniki ya ng'ambo. Mwenye kliniki ni sista, mama muzee wa kanisa, mukali kama pilipili. Dokta akashika simu yangu, musawo akatafsiri.

"Mi nitajua aje weye ni dokta?" sista akauliza.

"Na mi nitajua aje weye ni sista?"

"Weye ndiye umepiga."

"Na weye ndiye umepokea."

Bakaendelea hivyo, kila mumoja anaomba mwenzake athibitishe, mpaka simu ikakata yenyewe kwa aibu. Sista alikuwa na haki. Siku zile mutu yeyote alikuwa anaweza kupiga simu aseme yeye ni dokta, na kesho jina ya mama wa batu inatembea sokoni.

Nikashuka mpaka daraja kuona mukubwa wa hema, ile hema ya habari ya afya. Alikuwa mutu wa Kampala, amevaa koti ya mistari inameta, mutu mupole sana. Nikamuuliza kwa adabu.

"Mukubwa, mutu anapita hapa?"

"Anapita."

"Mugonjwa?"

"Kama joto haijapanda, anapita."

"Na ugonjwa yake?"

"Hiyo iko ndani yake. Tutaizuia aje?"

"Na karatasi inasema ni ugonjwa gani?"

"Hiyo hapana. Hiyo ni habari ya afya. Inatoka kliniki, inaenda Kinshasa, inaenda Kampala, inaenda Kasese, ndiyo inafika Bwera."

"Mukubwa, kliniki ni ile pale. Ile ya mabati mekundu. Tunaiona."

Akageuka, akaiangalia, akakubali kwamba tunaiona. "Kuona si kosa," akasema.

"Na kama habari iko kwa kichwa ya mutu?"

Akafikiri. Akafungua kitabu yake ya kanuni, akaifunga. "Kichwa tunapima joto tu."

Nikarudi hospitali nimefurahi kama mutu ameshinda kesi. Nitaenda mimi, sista ataniambia jina ya sindano, nitaibeba kwa kichwa. Bibi yangu hakuweza kuenda, mutoto alikuwa ananyonya na mama alikuwa anamushika mukono hamuachi. Dokta akakubali. Mwenye kukataa akawa mwenye muguu.

"Mwambie huyo bwana yako," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "mwili yangu si redio."

Ujue kutoka pazia mpaka dirisha yangu, ungeweza kurusha embe bila kusimama. Lakini kila neno ilipita kwa bibi yangu.

"Mama anasema mwili yake si redio."

"Mwambie mama nitachukua jina ya sindano peke yake."

"Anasema jina ya sindano peke yake."

"Sista hapana toa jina ya sindano peke yake," mama mukwe akasema. "Sista akifungua file anasoma yote, kama Injili. Na humo ndani kuna mambo yangu. Mukwe hawezi kusikia mambo yangu."

Bibi yangu akalia kidogo. Dokta akaangalia saa. Musawo akasema, kwa sheria hata sista atataka kibali ya mugonjwa, bila kibali yake hakuna kitu. Kisha nikasikia mama mukwe anauliza musawo, "Huyo mukwe yangu, anajua Kifaransa?"

Bibi yangu akajibu mbele mi sijajibu. "Mama, huyu aliacha shule darasa ya sita."

"Basi sista amupe kwa Kifaransa. Abebe kitu hajui."

Dokta alipotafsiriwa akacheka mpaka akaondoa miwani. Kwa maisha yangu yote batu balinitukana juu ya shule, leo ndiyo ilikuwa sifa ya kupata kazi. Katika batu bote ba hiyo hospitali, mimi peke yangu nilikuwa na ujinga ya kutosha.

Ikabaki kibali. Mama mukwe hajui kuandika, na karatasi yenyewe haivuki. Akatoa ndala, ile ya muguu mubaya, juu hiyo muguu haikuwa inavaa kitu tena. Sista ataijua, akasema. Mimi nguo ya mama mukwe sigusi, na ndala ni nguo. Basi bibi yangu akaitia kwa kaveera, mufuko ya plastiki, akaifunga kwa ncha ya fimbo, fimbo tukaifunga mbele ya pikipiki. Nikashuka barabara ya Bwera na ndala inapepea mbele kama bendera ya waziri.

Kwa jerikani ya jiki bakanisimamisha.

"Hii ni nini?"

"Kibali ya mugonjwa."

"Kibali ni ndala moja?"

"Ya pili iko hospitali."

Bakainyunyizia dawa, mbele na nyuma, bakaipima na joto. Nikavuka.

Sista alitoka kwa mulango ya kliniki, akaangalia ndala, kamba moja ya bluu, moja nyekundu, waya imeshika katikati. "Hii ni yake," akasema. "Ile waya ni mimi nilimupatia." Akaniambia nikae kwa benchi.

"Unajuwaka Kifaransa?"

"Hapana, sista."

"Hata kidogo?"

"Ile ya kusalimia na ya kuuliza bei."

"Weko na hakika?"

"Sista, darasa ya sita."

"Muzuri sana," akasema. Hakuna mwalimu aliniambia hiyo neno hata siku moja.

Akafungua file, akaishika karibu na kifua nisione, akaanza kunisomea kipande kwa kipande. Mi nakariri. Nikikosea ananigonga kidole na rula. Kulikuwa na kipande ya kwanza, kipande ya katikati, na kipande ya mwisho. Kila nikishika ya mwisho, ya kwanza inatoroka. Kichwa yangu ilikuwa kama ile stage yetu, mumoja akifika mwingine ameenda.

Hapo nikakumbuka namna mwalimu wetu wa darasa ya pili alikuwa anatufundisha hesabu. Tulikuwa tunaimba. Mpaka leo ukiniuliza saba mara nane lazima nianze na wimbo. Basi Kifaransa ya sista nikaitia sauti ya kwaya, polepole pale mwanzo, inapanda pale katikati, inashuka vizuri mwisho. Ikakaa. Sista akasikiliza yote, akasema hakuna neno imepotea.

"Usiandike," akanionya. "Usimwambie mutu. Ni dokta peke yake."

"Sista, angalia," nikageuka nimuonyeshe mugongo. Akasoma tisheti, akatulia.

Nikawasha pikipiki. Na hapa ndipo utanicheka. Mutu anabeba maji kwa mikono hasimami kufikiri, anakimbia. Mi nilikuwa nabeba maneno, nikinyamaza inamwagika. Nikaanza kuimba pale kliniki, na juu injini yangu inapiga kelele, nikaimba kwa nguvu. Nikafika daraja naimba. Siku ya soko, ujue. Bamama ba samaki ya Katwe, bamama ba chumvi, batu ba kahawa, bapagazi, babadilisha pesa, na bazee ba baiskeli za kuzungusha kwa mikono, bale balemavu banabeba mizigo ya biashara. Nusu yao ni batu ba Congo, basomi ba Kifaransa toka utoto. Foleni haitembei. Mi nimekaa juu ya pikipiki, mbele yangu ndala inaning'inia, mugongoni TUNZA SIRI YA MGONJWA, naimba.

Mwanzo bakacheka. Sawa, batu bananichekaka kila siku. Kisha bakanyamaza, nikaona bananisikiliza sana. Muzee mumoja wa baiskeli ya mikono akasogea, akaniambia kwa upole, "Kijana, rudia ile ya katikati."

Nikarudia. Mi nilifikiri ni sauti yangu.

"Ni ya nani?" akauliza.

Hiyo nilikuwa nimefundishwa semina. "Siri, muzee."

Akaangalia ndala na ile waya yake. Akatikisa kichwa. "Masikini mama wa kilima ile," akasema, na akawaambia bamama ba chumvi nyuma yake. Mi nikaona huyu muzee ni nabii, kumbe ndala ya mama ilijulikana soko nzima kuliko uso wa mwenyewe. Basi nikiimba kipande ya kwanza, bananyamaza. Nikifika katikati, bamama banajibu kwa sauti ya pili, kwaya kamili, mumoja anafuta machozi na kitenge. Nikaongeza nguvu.

Nikafika hema. Mukubwa wa koti inameta akanielekezea bunduki kwa paji, akasikiliza mpaka nikamaliza. Kifaransa hajui. Akainamisha kichwa akasema, "Amina," akanipitisha.

Hospitali nikaingia mbio. Musawo akafunga mulango ya chumba ya dokta.

"Sema polepole, usiimbe."

Nikajaribu. Bila wimbo haikutoka hata neno. Ilibidi niimbe. Mulango ilifungwa, ila dirisha ilikuwa wazi, na chini ya dirisha kuna benchi ya bagonjwa. Kipande ya kwanza, musawo akaandika haraka, akamwonyesha dokta, na dokta akasimama hapohapo, akaenda kwa kabati, akaondoa chupa moja akaiweka mbali, akashika ingine. Kipande ya katikati musawo akauma mudomo. Ya mwisho ilikuwa salamu za sista.

Sindano ikachomwa. Mi nikarudi dirisha yangu kuangalia ukuta, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikasikia njaa. Kisha nikasikia mama mukwe anapumua vizuri, uso haijavimba, na bibi yangu anacheka kidogo, ile cheko ya mutu alikuwa ameshajiandaa kwa kilio. Nikajiona mutu mukubwa.

Halafu bitu bikaanza kufika.

Kwanza mufuko ya chumvi ya Katwe, ile nzito. Mama mumoja wa sokoni akaitua kwa mulango ya wodi. "Ya mama wa ndala," akasema. "Aiweke kwa beseni ya maji ya vuguvugu, aikalie asubuhi na jioni. Mimi iliniponesha."

Aikalie? Muguu inakaliwa namna gani? Nikaipokea.

Kisha boda mwenzangu akaleta mapapai, ametumwa na babadilisha pesa. Ya kulainisha, bakasema. Kisha yule muzee mwenyewe akafika na baiskeli yake ya mikono, amebeba mapajani muto ya kukalia, laini, ya kitenge, katikati imetobolewa shimo. "Mi najua kukaa siku nzima ni nini," akaniambia. "Mwambie asione aibu. Hata mimi." Mwisho ikaja kwaya ya bamama ba samaki, bakapanga mustari nje ya wodi, bakaombea bagonjwa bote, na zaidi, kwa kutaja, mama yetu mumoja na fasi yake ya kukalia.

Pazia ikavutwa.

Bibi yangu akatoka. Alikuwa ameshika ile muto yenye shimo.

"Baba ya batoto. Ulipita wapi?"

"Daraja. Kuna njia ingine?"

"Ulipita umenyamaza?"

"Ningenyamaza ningesahau."

"Uliimba."

"Kidogo."

"Kwa soko."

"Soko ndiyo iko kwa daraja, mi sikuiweka pale."

Akafungua mudomo aniambie ile kipande ya katikati ilikuwa nini. Nikaziba masikio na vidole viwili. Mi ni mukwe. Kutoka Kasindi, ile ya ng'ambo ya daraja, mpaka Bwera, mutu mwenye pua alikuwa anajua mama mukwe yangu anaumwa nini, mimi peke yangu ndiyo sijui, na nilikuwa nimeapa kutojua. Chumvi ya kukalia, sijui ni ya nini. Muto yenye shimo, sijui. Usiniambie.

Kesho yake mukubwa wa hema akapanda hospitali. Habari imefika Kasese, akasema, kwamba habari ya afya ya mugonjwa imevuka mupaka bila njia ya serikali. Akanikalisha.

"Ulisema nini pale daraja?"

"Sijui, mukubwa."

"Utasema aje kitu hujui?"

"Kwa Kifaransa."

Akafungua kitabu ya kanuni. Karatasi, sikubeba. Simu, sikupiga. Kumwambia mutu, sikumwambia mutu, niliimba. Tena kibali ya mugonjwa ilikuwepo, ilikuwa imening'inia kwa pikipiki, na bakubwa wenyewe baliipima joto. Akageuza kurasa, akarudi mwanzo.

"Na weye mukubwa ulisema amina," nikamukumbusha.

Akafunga kitabu. Semina iliyofuata, pale Kasese, baliongeza kanuni moja: mutu wa boda haimbi akiwa juu ya daraja. Soda ikawa ileile, tisheti ingine hapana. Mpaka leo batu bapya banauliza hiyo kanuni ilitoka wapi, na batu ba stage yetu bananionyesha kidole.

Muguu ikapona. Mama mukwe akarudi kwake amevaa ndala zote mbili, akapanda kilima yake na muguu yake, akavuna maharagwe. Alikuwa tayari amepanda ingine wakati barua ilifika kwa dokta kutoka Kampala, jibu ya maombi alituma siku ile ya sindano kwa njia ya serikali, na dokta akaniita nisikie. Ilikuwa inasema maombi imefika Kinshasa salama, na kwamba mbele ya kuendelea, mugonjwa afike mwenyewe kutoa kibali. Dokta akaniuliza kama nitaleta ndala.

Kwetu ukimutia mama mukwe aibu lazima upeleke kitu. Nikachukua kuku, jike nzuri ya madoadoa, nikavuka, nikapanda kilima. Nikasimama nyuma ya nyumba, upande ya ukuta, bibi yangu akaingia ndani na kuku. Nikaongea na ukuta. Nikasema, mwambie mama nilitaka muguu ipone, hiyo tu ndiyo ilikuwa kwa kichwa yangu, na ile Kifaransa. Nikasikia kuku inafungwa muguu, nikasikia mama mukwe anaketi, na akiketi sikusikia akilalamika kama zamani. Hapana, ya zamani pia sikusikia.

Kisha akaongea na bibi yangu, ila kwa sauti ya kupita ukuta.

"Mwambie huyo bwana yako, siku nitakufa musipoteze pesa kwa redio kutangaza. Mumupe pikipiki."